Nyumba Usiyolala Ndani: Maoni Kuhusu Kurudi Nyumbani na Kuongoza Kikundi

Wahenga walinena kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitungia insha na kupewa alama, kisha tukaiacha daftarini. Mimi nilihitaji miaka 11 ya ugenini, na majuma sita ya kazi ya kikundi katika mtaa wa Landless mjini Thika, ili niielewe. Siandiki haya kwa kujisifu. Msomaji ataona hivi punde kwamba hakuna la kujisifia. Nayaandika kwa kuwa naamini kosa nililolifanya hufanywa kila muhula na wengi wetu, walimu kwa wanafunzi, tunapotoka madarasani kwenda kukusanya data katika mitaa na vijiji tunavyoviita vyetu.

Dai langu ni moja. Mtu aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi hafai kuongoza kikundi cha utafiti hapo nyumbani mpaka akubali kwanza kuongozwa. Na aliyerudi si yule tu aliyepanda ndege. Hata mwanafunzi aliyetoka kijijini akakaa bwenini miaka mitatu amekwisha kuwa mgeni kwa kiasi fulani, ingawa mwenyewe hajui.

Niliondoka Landless mwaka 2011, wakati barabara kuu ya Nairobi hadi Thika ilipokuwa bado inajengwa na vumbi lake likitufuata mpaka mezani. Nilikwenda Ujerumani kusoma, na huko nikapata kibarua cha kufundisha Kiswahili. Nchi hiyo si ngeni kwa lugha yetu. Kiswahili kilianza kufundishwa mjini Berlin mwaka 1887, kabla babu zetu wengi hawajaiona shule ya aina yoyote. Hata hivyo, darasani nilikuwa mimi ndimi Kiswahili chenyewe. Kila palipotokea ubishi juu ya neno, macho yote yalinigeukia, na nililosema ndilo lililoandikwa. Ndugu msomaji, mtu akikaa miaka kumi akiulizwa yeye tu, husahau namna ya kuuliza.

Nilirudi mwaka 2022. Mwaka uliofuata nilikabidhiwa kikundi cha wanafunzi wanane wa mwaka wa tatu, niwasimamie katika mradi wa kukusanya majina ya mitaa ya Thika na masimulizi ya wakazi kuyahusu. Mada hiyo niliichagua mwenyewe, na hata leo naiona kuwa njema. Tazama utajiri uliomo. Upo mtaa wa Kiandutu, jina la Kigikuyu linalotaja funza. Upo Makongeni, ambalo mwanafunzi yeyote wa mofolojia ataligawa papo hapo: shina ni konge, mmea wa kutengenezea kamba uliolimwa katika mashamba makubwa ya eneo hili enzi za ukoloni, na mwishoni kipo kiambishi cha mahali. Kisha, nje kidogo ya mji kando ya barabara ya Garissa, upo Landless, jina la Kiingereza lenye maana ya wasio na ardhi. Ukisimama hapo siku ya hewa safi utauona mlima ambao Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa, na ambao wengine wanauita Kilimambogo. Katika safari fupi ya matatu unapita katika lugha nne, na kila jina limebeba habari za nani alikuwa na nini, na nani hakuwa na kitu.

Jina la Landless ndilo lililonivutia zaidi, kwa kuwa ndiko kwetu. Lina kinaya chake. Leo katika mtaa huo unaoitwa wa wasio na ardhi, mabango ya kuuza ploti yamejaa njiani, na mwenye mshahara wa mwalimu huyasoma kisha akaendelea na safari yake. Lina pia fumbo la kisarufi: hakuna mkazi asemaye anaishi “Landlessini”. Makongeni imepokea kiambishi, Landless imekikataa. Kwa nini? Niliwaambia wanafunzi kwamba tutalijibu swali hilo, na kwamba kazi itakuwa nyepesi kwa sababu mimi ni mzawa wa pale. Nikajifanya mwenyekiti, karani na mkalimani kwa pamoja.

Dalili za kwanza zilikuja mapema. Siku ya kwanza tulipanda matatu mjini, nikaketi mbele kama kiongozi, nasi tukapita kituo chetu bila mimi kukitambua. Aliyemwambia utingo atushushe alikuwa binti mmoja wa kikundi aliyelelewa Kiandutu. Hojaji niliyoitayarisha ilianza kwa kuuliza mkoa na wilaya ya msailiwa, hali utawala wa mikoa ulikwisha toa nafasi kwa serikali za kaunti mwaka 2013. Wanafunzi walitazamana, wakacheka chinichini, nami nikacheka pamoja nao kama mtu aliyekosea tahajia. Sikung’amua kwamba kosa halikuwa la tahajia. Nilikuwa nauliza habari za mtaa ambao haupo tena, ule uliobaki kichwani mwangu.

Tahamaki, tukafika kwa mzee mmoja ambaye sote tulielekezwa kwake. Alitukaribisha, akatuwekea viti nje, akaanza kusimulia bila hata kuulizwa. Alisema, “Hapa zamani ilikuwa inaitwa…” Kabla hajalitamka jina lenyewe, nikamkatiza. Nilisema, kwa adabu niliyodhani ni kubwa, “Mzee, yaani palikuwa pakiitwa.” Nilitaka wanafunzi wasikie upatanisho sahihi wa ngeli ya mahali. Mzee akanitazama kwa muda. Kisha akasema, “Basi kama wewe unajua, kijana, andika.” Akanyamaza. Tulikunywa chai yake, tukazungumza habari za mvua, tukaondoka. Jina alilotaka kulitaja hatukulipata siku ile.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Pa, ku na mu ni viambishi vya mahali, na nimevifundisha mpaka nikavichoka. Lakini yule aliyeijua sarufi ya mahali hakujua mahali penyewe, na aliyepajua mahali alinyamazishwa kwa ajili ya sarufi. Je, ni mara ngapi sisi wanafunzi wa Kiswahili tumefanya hivyo? Tunakwenda nyanjani kusikiliza, nasi masikio yetu yamefunzwa kusikia makosa tu. Kibali cha utafiti tunacho mfukoni, chenye muhuri na nambari, lakini kibali hakifungui kinywa cha mtu aliyedharauliwa uani kwake.

Juma la pili kikundi kilianza kumeguka. Wawili hawakuja. Mmoja alileta hojaji kumi zilizojazwa kwa mwandiko mmoja, naye akakiri alizijaza mwenyewe. Nilikasirika, nikaitisha kikao, nikasema mengi juu ya uaminifu wa kitaaluma. Nilipomaliza, yule binti wa Kiandutu aliomba ruhusa ya kusema. Alisema, “Mwalimu, utuwie radhi. Maswali yako yanauliza vitu ambavyo watu hawana majibu yake, na watu wana majibu ambayo hayana maswali humu.” Hakusema kwa ujeuri. Wenzake waliinamisha vichwa, nami nikajua kwamba jambo hilo walikwisha lizungumza bila mimi.

Usiku ule nilikumbuka habari za Kamirithu, kule Limuru, katika kaunti hiihii yetu ya Kiambu. Habari hizo nilikuwa nimezifundisha Ujerumani kama mfano wa sanaa za jamii, bila kuziona kama onyo kwangu. Mwaka 1976 mwanamke wa kijiji cha Kamirithu alifika kwa Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyekuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kumwomba yeye na wasomi wenziwe wawagawie wanakijiji elimu waliyokuwa nayo. Alirudi tena na tena mpaka akakubaliwa. Matokeo yake ni tamthilia ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong’o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ikaigizwa na wakulima na wafanyakazi katika ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000 uliojengwa na wanakijiji wenyewe. Maonyesho yalianza Oktoba 1977, na kabla Novemba haijaisha serikali iliyapiga marufuku. Ngũgĩ alitiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Kwa kawaida husimulia habari hizi kwa ajili ya siasa yake. Mimi nawaomba wasomaji waitazame namna kikundi kile kilivyoongozwa. Mazoezi yalifanywa hadharani. Wanakijiji walisikiliza mswada, wakawasahihisha waandishi: mzee hasemi hivi, kiwandani hatufanyi vile, wimbo wa sherehe ile si huo. Wasomi walioleta kalamu wakawa wanafunzi wa lugha waliyozaliwa nayo. Nguvu ya kazi ile haikutokana na kwamba mhadhiri alikuwa mzawa wa Limuru. Ilitokana na kwamba alikubali kukosolewa na waliobaki Limuru.

Mhadhiri huyo naye alikuja kuyaonja ya kurudi. Baada ya kuishi uhamishoni tangu mwaka 1982, alirejea Kenya mwaka 2004, akapokewa kwa shangwe, kisha katika ziara hiyohiyo yeye na mkewe wakavamiwa na majambazi walikofikia. Alifariki nchini Marekani tarehe 28 Mei 2025. Nautaja mkasa huo kwa sababu unatuondolea dhana moja ya starehe: kwamba nyumbani hutungoja kama tulivyopaacha. Hapatungoji. Panaendelea kuishi, kwa mema na kwa mabaya, bila ya sisi.

Asubuhi iliyofuata niliwaambia wanafunzi kwamba kuanzia siku ile binti wa Kiandutu ndiye angeongoza tukiwa mtaani. Mimi ningebeba vinasa sauti, ningelipa nauli, na ningejibu barua za chuo. Aliitupa hojaji. Aliwatuma wenzake wawili wawili kwa watu wenye kazi: fundi wa viatu, mama wa mboga, vijana wa bodaboda, mafundi wa mawe. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba asiyeweza kusaidia kazi ile japo kwa dakika chache asiulize neno. Tulichambua sukuma wiki, tukasogeza mawe, tukasubiri abiria. Waliokuwa hawaji wakarudi. Nayo masimulizi yakaja, kila mtu na lake kuhusu jina la mtaa, mengine yakipingana. Sikusudii kuamua hapa lipi ni la kweli. Tuliyaandika yote, kwa maneno ya wenyewe, na “ilikuwa inaitwa” zao zote.

Mzee wetu wa kwanza alizungumza pia, lakini hakuzungumza nami. Alizungumza na kijana mmoja wa kikundi aliyekwenda kumsaidia kurekebisha ua.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Siku moja jioni yule kiongozi wetu alinifuata pembeni, akachana ukurasa mmoja kutoka daftarini mwake akanipa. Alisema, “Mwalimu, hii haimo katika ripoti mpaka mwenyewe aseme.” Yalikuwa masimulizi ya jirani mmoja kuhusu ploti za mtaani na namna zilivyobadilisha mikono. Alitaja mama fulani aliyeuza nusu ya robo ekari yake ili alipe deni la hospitali mumewe alipougua, huku mwana wao aliyekuwa Ulaya akiambiwa kwa simu kwamba baba anaendelea vizuri. Msimuliaji hakujua kwamba mwana huyo alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, amebeba kinasa sauti.

Tangu nirudi nilikuwa nimeiona nyumba ya ghorofa ng’ambo ya ua wetu. Nilipouliza niliambiwa kwamba majirani wamejenga, nikaridhika. Sikuutazama ua wenyewe, kwamba ulikuwa umesogea. Marehemu baba alizikwa mwaka 2016, na nilihudhuria mazishi kwa siku nne tu nikiwa na tiketi ya kurudi mfukoni. Mimi, mtafiti wa masimulizi ya ardhi mtaani Landless, ndimi pekee katika mtaa mzima nisiyeijua habari ya ardhi ya kwetu.

Nilimwuliza mama usiku huo. Hakushtuka. Alisema, “Ningekwambia, mwanangu, ungerudi. Na ungerudi mikono mitupu.” Kisha akaniuliza kama nitaongeza chai. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa mwaka mzima alikuwa akininywesha chai katika kikombe cha wageni, kile cha kabatini chenye sahani yake, na mimi nilidhani ni heshima.

Fasihi yetu imewazungumzia waliorudi. Wengi tumesoma Mwisho wa Kosa, riwaya ya Z. Burhani ya mwaka 1987, ambamo Monika anarejea kutoka masomoni ng’ambo na kuyaona ya nyumbani kuwa duni. Tumezoea kuwahukumu wahusika wa namna hiyo kwa kosa la majivuno, na hukumu hiyo ni ya haki. Lakini naona haitoshi, tena inaturuhusu kutoroka. Sisi tusiojiona kuwa na majivuno, tunaosalimia wazee kwa mikono miwili na kula githeri kwa furaha, tunadhani tumepona. Mimi sikuwadharau watu wa Landless. Niliwapenda. Ila niliwapenda kama nilivyowaacha, na mapenzi ya namna hiyo hayaulizi maswali. Tatizo la aliyerudi si tabia tu, ni maarifa. Waliobaki walilipa gharama ya kulala ndani ya nyumba, nao ndio wajuao ila zake.

Huenda wapo watakaosema kwamba haya ni kuutukuza umma na kuutelekeza uongozi. Watauliza: kikundi kisicho na kiongozi mwenye ujuzi kitafika wapi? Na kama msomi anyamaze, alisomea nini? Hoja hiyo ina uzito. Masimulizi tuliyoyapata yangepotea lau si ujuzi wa kunasa sauti, kunukuu, kuweka tarehe na kuhifadhi, na ujuzi huo niliupata ugenini. Hata Kamirithu walihitaji watu wa kuandika. Sisemi kwamba kiongozi akae kimya. Nasema ajue analoliongoza. Kulinda muda wa wenzake, kutunza fedha kwa uwazi, kubeba lawama mbele ya idara, kuhakikisha kila aliyefanya kazi ametajwa na kupe hakutajwa: hiyo ni kazi ya uongozi, na inatosha kumchosha mtu. Kujua mahali ni kazi ya mwenye mahali.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa chama chetu na kwa idara zetu. Kwanza, katika kila mradi wa nyanjani uongozi wa mtaani apewe mwanafunzi aliye karibu zaidi na mahali hapo, hata kama alama zake za darasani ni za wastani, na msimamizi atii. Pili, iwe mwiko kumsahihisha msailiwa. Kiswahili sanifu kina nafasi yake tukufu katika ripoti. Uani kwa mtu hakina nafasi hata ya kiti. Tatu, kabla ripoti haijawasilishwa chuoni isomwe kwa sauti mbele ya waliosimulia, na yeyote atakayesema “hili liondoeni” litolewe bila kuombwa sababu. Tulifanya hivyo Landless, chini ya mwembe, mbele ya watu kama ishirini. Waliondoa mambo matatu, wakaongeza tisa. Mzee wetu alifika. Nilimwomba radhi mbele ya watu, naye akasema tu kwamba wakati mwingine nije na nyundo.

Ukurasa ule uliochanwa niliurudisha kwa mwenyewe, mama yangu. Ni yeye aliyeniruhusu kuyaandika haya, baada ya kunisomesha mara mbili ili asikie nilivyomsema.

Wenzangu wanafunzi na walimu, muhula mpya unapoanza wengi wetu tutapewa vikundi, na wengi tutachagua kwenda kwetu kwa kuwa tunadhani huko kazi ni rahisi. Nendeni. Lakini mkifika, msiketi mbele. Mwulizeni aliyebaki ni wapi pa kushukia. Methali nyingine hutuambia mgeni aje mwenyeji apone, na nimekuja kuamini kwamba aliyerudi hawezi kumponya mwenyeji yeyote mpaka akiri kwamba kati yao wawili mgeni ni yeye. Mimi nilikiri kwa kuchelewa. Mwezi uliopita mama alinimiminia chai katika kikombe cha bati kilichobanduka rangi ukingoni, akaniambia niinywe upesi kwani maji ya mfereji yamefunguliwa na mapipa hayana mtu wa kuyajaza.